Dawa ya Langoni

Kazi ya Selpha Wanjala ilikuwa kutukanwa na watu ambao hakuwahi kuwaona uso. Barua ya kuajiriwa haikusema hivyo. Ilisema atakuwa ofisa wa huduma kwa wateja katika kampuni moja ya kuuza viwanja mjini Kitengela, na siku aliyoipokea alipiga simu kwao Kimilili, mama yake akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya sikio. Watu walinunua viwanja wakangoja hati, hati zikachelewa, na hasira yote ya kungoja ikamwagwa sikioni mwa Selpha. Walipiga kutoka Doha, walipiga kutoka Kakamega, mmoja alipiga akiwa mazishini. Wote walikuwa na swali moja, naye alikuwa na jibu moja, kwamba faili linashughulikiwa, na sijui kama kuna jibu linalomchemsha Mkenya kuliko hilo.

Baada ya miaka michache mwili ulianza kukataa. Moyo ulimwenda mbio kila simu ilipolia, hata ikiwa ni ya jirani upande wa pili wa ukuta. Daktari alimpima, akasema ni presha, akamshauri apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni sukari kwenye chai. Mumewe, Wangila, fundi wa umeme aliyekuwa akifunga nyaya katika nyumba mpya huko Laiser Hill, alimwambia kwa moyo mmoja aiache hiyo kazi. Kisha wote wawili wakamtazama binti yao Shirleen, aliyekuwa mezani akifanya kazi ya shule huku viatu amevivua kwa sababu vimeanza kumbana, na mazungumzo yakaishia hapo.

Aliyemwokoa, au tuseme aliyemponza bila kujua, ni Mama Mbaluka, mwalimu wa kikundi cha akina mama kanisani. Jumapili moja alifundisha juu ya shukrani. Aliwaambia kwamba kazi wanayoilaani kuna mtu mahali fulani anaifungia na kuiombea, na kwamba dawa ya uchovu wa kazi ni kumshukuru Mungu kila asubuhi, kabla ya kuvuka mlango, kwa jambo moja tu la kazi hiyo. Selpha akasema amina kwa sauti kuliko wote. Jumatatu akashukuru kwa ajili ya kiti, na kiti kikamkumbusha kwamba gurudumu lake moja limekufa. Jumanne akashukuru kwa ajili ya chai ya saa nne. Siku iliyofuata akashukuru kwa ajili ya mshahara, akaufikiria vizuri, akaanza kulia. Shukrani zilimwishia kabla wiki haijafika mwisho.

Hapo ndipo alipomwona Katoo. Nasema alipomwona, ingawa alikuwa akipita mbele yake kila siku. Katoo alikuwa mlinzi wa lango la kampuni, mzee wa makamo aliyevaa koti kubwa la bluu hata wakati wa jua, na kofia iliyokuwa ya mtu mwingine mwenye kichwa kikubwa zaidi. Asubuhi hiyo mteja mmoja mwenye gari alifika akiwa amejaa hasira za hati, na kwa kuwa lango ndilo la kwanza, Katoo ndiye aliyezipokea. Aliitwa mjinga, akaulizwa kama amesoma, akatimuliwa vumbi usoni gari lilipoingia. Selpha aliona yote kutoka dirishani. Katoo alijipangusa uso kwa kofia, akalifunga lango polepole, akarudi kusimama palepale.

Afadhali mimi, Selpha akasema moyoni. Hakuyatafuta maneno hayo, yalikuja yenyewe, na nyuma yake ikaja nafuu aliyokuwa ameisahau. Moyo ulitulia. Mabega yalishuka. Simu ikalia, akaipokea kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, na mwanamume aliyekuwa Doha, aliyejiandaa kwa vita, akajikuta anaomba radhi kwa usumbufu.

Kuanzia siku hiyo alikuwa akisimama langoni kila asubuhi. Mwanzoni ilikuwa salamu tu. Katoo alimsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," akamfundisha kuitikia "Iko." Kisha Selpha akamuuliza alifikaje kwenye lango, naye akamweleza kwamba alikuwa na ng'ombe, boma zima, mpaka ule ukame ulipokuja. Walisikia kuna nyasi upande wa Rombo, karibu na mpaka, wakawaswaga kuelekea huko. Ng'ombe walianguka njiani, mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na ng'ombe mweupe mmoja, Naibor, aliyeketi chini akakataa kuinuka hata aliposhikwa mkia na pembe na watu wazima wenye nguvu. Selpha alisema pole sana, mzee, akapanda ngazi akiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia, akakaa kwenye kiti chenye gurudumu bovu, akamshukuru Mungu kwa ajili ya kiti hicho.

Sitamtetea. Alijua anachofanya, hata kama hakukitafutia jina. Siku simu zilipokuwa chache, salamu ilimtosha. Siku alizojua kwamba zitakuwa mbaya, alisimama zaidi na kuuliza zaidi. Alijifunza pa kuchokoa. Yule fahali je, aliyelelewa kwa mkono na mama yake Katoo? Na ule usiku fisi walipokuja, aliwasikia? Katoo alikuwa akianza kwa shida, macho kwenye kufuli, kisha maneno yakaja, na Selpha alimeza kila neno kwa uso wa huruma, kama mgonjwa amezavyo vidonge. Presha ilishuka. Daktari alimpongeza. Mama Mbaluka alimsimamisha mbele ya akina mama awe ushuhuda wa nguvu ya shukrani.

Aibu ilianza siku ya habari njema. Katoo alimpokea asubuhi hiyo huku akicheka. Watu wa ukoo wake walikuwa wamemchangia kondoo majike, kama ilivyo desturi kwa mtu aliyefilisika bila kosa lake, na sasa kondoo hao walikuwa wamezaa, wawili kati yao wamezaa pacha. Alieleza rangi ya kila mwanakondoo. Selpha akasema hongera, lakini alijihisi kama mtu aliyeenda dukani kununua dawa akakuta duka limefungwa. Kabla hajaondoka alijisikia akiuliza, "Lakini ng'ombe bado hujapata hata mmoja?" Katoo akasema bado. Na Selpha akapata ahueni kidogo.

Alipofika mezani hakugusa simu. Alikaa akiitazama mikono yake, akajiuliza ni mtu gani anayesikia kwamba kondoo wa mwenzake wamezaa kisha moyo unamwanguka. Alijua jibu. Aliapa kuacha. Kesho yake simu za asubuhi zilikuwa za matusi mtindo mmoja, na saa ya chai ilipofika alishuka langoni akauliza habari za Rombo.

Na kama angeishia hapo, dhambi ingebaki yake peke yake. Lakini kampuni ilikuwa na maombi ya pamoja kila Jumatatu, na Jumatatu moja meneja wao, Bwana Ngui, akamtaka Selpha awaambie wenzake siri ya utulivu wake, maana wengine wote walikuwa wakiugua vichwa. Selpha alisimama. Angeweza kusema ni maombi. Badala yake ulimi ukateleza, ukasema kweli wakati usiofaa. "Mimi nikilemewa na kazi naenda kwa Katoo pale geti," alisema. "Nasikiza vile alipoteza ng'ombe. Halafu najiambia, heri mimi. Nikirudi juu niko sawa." Watu wakasema amina. Wengine wakacheka, lakini kwa wema. Gichuru, muuzaji aliyekuwa akiwapeleka wateja kuona viwanja, akaandika kwenye simu yake ili asisahau.

Baada ya hapo kila mtu akawa mgonjwa wa dawa ileile. Gichuru akikosa kuuza, alishuka langoni. Msichana wa hesabu akigombezwa, alishuka langoni. Walimletea Katoo chai, wakamletea kiti, wakakaa juu ya matofali kumzunguka, wakimtaka arudie ile ya Naibor kwa sababu wengine hawakuwepo. Selpha aliwaona kutoka dirishani akafahamu sura yake mwenyewe inavyokuwa akiwa pale chini, kichwa kimeinamishwa upande, midomo ikisema pole. Alitamani sakafu ipasuke.

Katoo, masikini, aliona jambo jingine kabisa. Aliona kwamba watu waliokuwa wakimpita kama nguzo ya lango sasa wanasimama na kuketi naye. Aliuliza ni kwa nini, na mtu mmoja akamwambia ni Selpha aliyewaeleza habari zake. Hakuambiwa alivyoeleza. Basi Ijumaa alimsimamisha Selpha alipokuwa akitoka, akamwomba aje nyumbani kwake Kajiado kesho, yeye na mumewe. Alikuwa na kondoo jike mmoja aliyemtenga kwa ajili yake. Akamfafanulia kwamba kwao mtu akikupa kondoo, majina yenu ya zamani mnayaweka kando. Yeye atamwita Selpha Paker, na Selpha atamwita Paker, mpaka mmoja wao azikwe.

Selpha alimwambia Wangila yote jioni hiyo. Wangila alianza kwa kucheka, akiuliza kondoo atalala wapi katika nyumba ya kupanga, bafuni au kwenye kabati. Kisha alisikia iliyobaki akaacha kucheka. Akauliza kama Katoo anajua. Selpha akatikisa kichwa. Wangila akasema mficha uchi hazai, na kwamba zawadi ya namna hiyo haipokelewi kwa uongo. Selpha alikubali. Alilala akiwa amepanga maneno yake, atayasema kabla kondoo hajaletwa.

Hakuyasema. Boma la Katoo lilikuwa nje ya mji wa Kajiado, mahali ambapo upepo haukomi, na walipofika walikuta majirani wameketi, chai ya maziwa imeiva, watoto wamepakwa mafuta usoni. Mke wa Katoo, Nalotuesha, alisimama kabla mtu mwingine hajapata nafasi. Hakuwa mtu wa Kiswahili kingi, lakini alikuwa amejiandaa.

"Huyu mzee alirudi kutoka Rombo bila neno," alisema. "Alikuwa anakaa hapo tu, anaangalia boma haina kitu. Hata jina ya ng'ombe moja hawezi taja. Nikasema huyu tumempoteza pamoja na ng'ombe. Halafu akaanza hiyo kazi ya geti, na siku moja akarudi akaniambia habari ya Naibor. Akalia. Nikamuuliza, ni nani amekufungua mdomo? Akasema ni mama mmoja wa kazini, anauliza kila siku, hachoki." Akamgeukia Selpha. "Wewe hukuchoka."

Mzee mmoja akaongeza kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wangila alikuwa akitazama viatu vyake. Kondoo akaletwa, mnene, shingo nyeusi, na Katoo akaushika mkono wa Selpha akauweka mgongoni mwa mnyama. Akasema, "Paker." Watu wote wakamngoja Selpha. Akasema, "Paker," na wanawake wakaimba.

Walikubaliana kwamba kondoo atabaki na wenzake, na kizazi chake kitahesabiwa kuwa cha Selpha. Jua lilipoanza kushuka Katoo aliwasindikiza kuelekea barabarani. Wangila akatangulia kwa makusudi. Selpha akasimama, na safari hii akalitoa lote, bila kulipamba. Alimwambia kwamba hakuwa akiuliza kwa sababu ya wema. Alikuwa akiuliza kwa sababu kila ng'ombe wake aliyekufa alimfanya yeye aipende kazi yake zaidi kidogo, na hivyo ndivyo alivyowaambia wenzake, na ndiyo maana wenzake wanakuja.

Katoo alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake. Hakukasirika, au kama alikasirika uso haukusema. Aliuliza swali moja tu.

"Ile siku nilikuambia kondoo wamezaa. Ulifurahi?"

Selpha alitafuta ndiyo kila mahali ndani yake. "Hapana, Paker," akasema.

Katoo akatikisa kichwa polepole. Alitazama nyuma kwenye boma, ambako watoto walikuwa wakiwaingiza wanakondoo, kisha akasema kondoo bado ni wa Selpha, asidhani kwamba yeye amemkataa. Akawatakia safari njema, akarudi alikotoka, naye hakugeuka.

Selpha alilala kama mtoto mchanga usiku huo. Kanisani aliimba. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, akiwa kwenye ngazi za ofisi, mkono mmoja kwenye reli, ndipo alipoutambua ule wepesi. Ulikuwa uleule. Ulikuwa wepesi wa kila asubuhi, wa kumwachia Katoo kitu kizito langoni na kupanda juu mikono mitupu. Alikuwa ameenda mpaka Kajiado, akanywa chai ya watu, akashika kondoo wao, kisha akachukua mzigo wake akamtwika yuleyule mzee, mbele ya nyumba yake mwenyewe, siku aliyokuwa na furaha. Aliketi kwenye ngazi. Simu zilikuwa zikilia juu naye hakuweza kuinuka.

Langoni hakukubadilika chochote ambacho mgeni angekiona. Katoo alimwita Paker kila asubuhi, naye akaitikia Paker. Alifungua lango, akafunga lango. Gichuru alipomwendea na kikombe cha chai kutaka habari za ng'ombe, Katoo alimwambia, "Zilikufa," akaipokea chai, akashukuru. Gichuru alingoja sehemu iliyobaki, nayo haikuja. Baada ya siku chache watu waliacha kushuka, kiti kikarudishwa ndani, na vichwa vikaanza kuwauma tena. Selpha mwenyewe hakuuliza kitu. Aliona kwamba hana haki ya kuuliza, na alipotafuta jambo jingine la kumwambia Katoo hakulipata. Aliwajua ng'ombe wake waliokufa kwa rangi na kwa tabia. Wale watoto waliopakwa mafuta hakuwa ameuliza hata mmoja anaitwa nani.

Kisha Nalotuesha akapiga simu. Selpha aliipokea kwa sauti ya kazi, akidhani ni mteja.

"Mama Shirleen," Nalotuesha alisema, "mzee amenyamaza tena. Tangu ile siku mlitoka hapa. Anakula, anakaa, anaangalia boma. Mimi sijui kumuuliza, nikiuliza anasema hakuna kitu. Wewe ndiye unajua. Muulize, dada. Muulize vile ulikuwa unauliza."

Selpha alisema sawa. Alikiweka chini kidude cha simu, akaziacha simu nyingine zilie, akashuka. Ilikuwa saa ambayo jua limepanda na vumbi la malori limejaa hewani. Katoo alikuwa amesimama mahali pake, koti limefungwa vifungo vyote. Selpha alisimama mbele yake bila kuinamisha kichwa upande, bila kutaka kitu, na kwa mara ya kwanza tangu amjue alitamani kweli kumsikia. Lakini kutamani kweli na kutamani kwa uongo vina swali moja, wala hakuwa na jingine.

"Paker," akasema, "niambie habari ya ng'ombe."

Katoo alimtazama. Macho yake hayakuwa na lawama. Yalikuwa na huruma, ile ya mtu anayemwona mgonjwa amerudi tena zahanati. "Leo simu zimekuwa mbaya?" aliuliza taratibu.

Selpha alisema la, leo hakuna shida, hakuja kwa ajili hiyo. Alisema tena. Aliisikia sauti yake ikitetemeka, akajua kwamba ndivyo ingetetemeka hata kama angekuwa anadanganya. Katoo alikuwa ameshasogea akampisha kwenye kivuli cha ukuta, kama mtu anavyompisha mwenye homa.

"Wewe ni Paker wangu," alisema. "Siwezi kukunyima kitu niko nayo inakusaidia. Kuna moja sijawahi ambia mtu, hata mama watoto. Ile ya mwisho." Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Simama hapa, usikilize, halafu urudi kazi ukiwa mzima."

Selpha akasimama, naye Katoo akaanza.